Nyumba inauzwa, na mimi nitalala wapi?

SWALI

Shikamoo Shangazi.

Nina miaka 43, ni fundi cherehani, naishi Segerea hapa Dar es Salaam. Niliolewa mwaka 2006. Kiwanja tulinunua 2009, tukahamia 2012 nyumba haina dari, madirisha tumeziba kwa mbao na maturubai. Lipu ya ndani niliilipa mimi kwa sare za shule nilizoshona Januari mbili mfululizo. Risiti sina zote.

Mwezi wa tano mahakama ilivunja ndoa yetu. Hukumu inasema watoto watatu wakae kwangu, baba yao atoe 150,000 kila mwezi ya matumizi, na nyumba iuzwe, yeye apate asilimia 60 na mimi 40. Mawifi wanasema hata hiyo 40 nimehurumiwa.

Sasa baba watoto ameleta mteja kupitia dalali. Anatoa milioni 78, ingawa mthamini aliyekuja wakati wa kesi aliandika 85. Mteja anataka kuingia kabla ya Septemba kuisha. Leseni ya makazi ina jina la baba watoto peke yake. Anasema nikisaini wiki hii mambo yote yanaisha.

Shangazi, mimi silali. Naamka saa nane usiku nahesabu. Milioni 31 na laki mbili, ndiyo yangu hiyo. Kijana wangu yuko kidato cha pili, wa pili darasa la tano, mdogo ana miaka sita. Nina mama yangu wa miaka 71 mwenye presha, anakaa chumba cha nyuma tangu 2018. Fremu yangu ya kushonea iko mbele ya nyumba hiyo hiyo, kwa hiyo nikitoka, nimetoka na kazi. Kaka yangu anasema nirudi Morogoro. Rafiki anasema nikimbilie kiwanja Chanika kabla hela haijaliwa. Wenzangu wa kikoba wameshaanza kuniuliza zinaingia lini. Mama sijamwambia.

Nianzie wapi?

Fundi wa Segerea

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimeshika kalamu nahesabu na wewe.

Neno la kwanza: wiki hii usisaini. Kuuza mtauza, mahakama imeshasema. Lakini karatasi anayokuletea ina bei tu, na kuna kitu hakimo ndani yake ambacho kwako ni kikubwa kuliko bei. Nacho ni tarehe ya kukabidhi ufunguo.

Nakwambia hivi kwa sababu niliwahi kukaa hapo ulipokaa. Mwaka 2009 tuliuza nyumba yetu ya Mbagala, mimi na baba wa wanangu, baada ya talaka. Bei tuliivutania wiki sita. Ndugu walikaa, wazee walikaa, tukapandisha laki tano, tukashusha laki tatu. Tarehe ya kutoka tuliimaliza kwa sentensi moja: muuzaji ataondoka ndani ya siku 14. Nilisaini bila kuuliza. Ilikuwa Aprili, masika yameshika. Siku ya kumi na mbili nilikuwa bado nazunguka na madalali, kila nyumba nalipia hela ya kuonyeshwa, na kila mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima mkononi. Siku ya kumi na nne vyombo vyangu vilitoka kwenye mvua, kabati na godoro chini ya turubai moja, tukaenda kwa dada yangu Buza. Niliahidi wiki mbili. Tulikaa miezi saba, watu tisa kwenye vyumba viwili na sebule. Binti yangu mkubwa aliondoka saa kumi na moja alfajiri kila siku kwenda shule ileile ya Mbagala, magari mawili kwenda na mawili kurudi, na mwaka ule alishuka darasani kiasi kwamba mwalimu aliniita. Nyumba ya Mbagala nimeshaiachilia moyoni. Ile miezi saba ndiyo inayoniuma mpaka leo.

Ndiyo maana nataka ukae na mnunuzi, baba watoto na wakili, mwandike kwenye mkataba wa mauziano kwamba mtakabidhi nyumba siku 90 baada ya malipo ya awali. Ukiona wanakaza, shuka hadi 60, usivuke hapo. Wanunuzi wengi wanakubali, hasa wakiruhusiwa kubakiza kiasi kidogo cha fedha hadi siku ya ufunguo. Na wewe una sababu ya wazi ya kuwaeleza: kijana wa kidato cha pili ana mtihani wa taifa mwisho wa mwaka. Kumhamisha Septemba ni kumtoa kwenye meza yake ya kusomea wakati anapoihitaji kuliko wakati wowote.

Baba watoto atakwambia unachelewesha kwa makusudi. Mjibu kwa upole na umwambie jambo ambalo pengine mwenyewe halijui. Msipoelewana, hawezi kuuza kwa nguvu zake. Atalazimika kurudi mahakamani kuomba utekelezaji wa hukumu, nyumba ipelekwe mnadani na dalali wa mahakama. Mnadani bei hushuka, na yeye mwenye 60 ataumia zaidi yako. Kuelewana nawe juu ya tarehe ni faida yake pia.

Kuhusu hilo la leseni kuwa na jina lake: chukua nakala ya hukumu iliyogongwa muhuri wa mahakama, ipeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa pamoja na barua fupi, na nyingine kwenye ofisi ya ardhi ya halmashauri. Kila mahali wakusainie kwamba wamepokea. Huko ndiko mtu anayetaka kuuza kimyakimya hupita. Wakikuta hukumu imetangulia mezani, hakuna atakayegonga muhuri kwa siri.

Sasa bei. Tofauti ya 85 na 78 ni milioni 7. Asilimia 40 ya milioni 7 ni milioni 2 na laki nane. Kwa nyumba ya vyumba viwili na sebule ya 250,000 kwa mwezi, hiyo ni kodi ya zaidi ya miezi 11. Nimekupigia hesabu hii ili ukiambiwa "hiyo tofauti ndogo" ujue ni karibu mwaka mzima wa paa juu ya vichwa vya wanao. Omba mnunuzi wa pili aje aone. Si lazima mfike 85, makadirio ya mthamini na mfuko wa mnunuzi ni vitu viwili. Ila mteja mmoja aliyeletwa na upande mmoja hatoshi kuwa soko. Na dalali ni wa nani, analipwa na nani, kiasi gani? Iandikwe, na itoke kwenye jumla kabla ya mgawo, isije ikatolewa kwenye fungu lako peke yako.

Kodi ya serikali nayo mkaiulize TRA wote wawili kabla ya kugawana. Mtu anapouza nyumba anatozwa kodi kwenye faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua na kujenga. Kuna unafuu kwa nyumba ambayo mwenyewe ameimiliki na kuishi miaka mitatu au zaidi, ila una kikomo chake cha faida, na nyumba yenu inaweza kukivuka. Hapo ndipo risiti zako zina thamani. Hata kama huna zote, kusanya zilizopo: saruji, bati, nondo, karatasi ya fundi. Nimeona watu wakigawana fedha asubuhi na kudaiana kodi jioni.

Fedha ziingie benki, akaunti mbili, siku moja, mbele ya wakili. Usikubali "zipitie kwangu halafu nitakutumia". Simsemi baba watoto vibaya, simjui. Nasema hivyo kwa mtu yeyote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo barua yako imelipita haraka, nami nataka nilikalie.

Mahesabu yako ya saa nane usiku yanachukua milioni 31 na kuzigawa kwa watu watano, kana kwamba makazi ya watoto wale ni mzigo wako peke yako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 129, inamtaka baba awatunze watoto wake wawe kwake au kwa mtu mwingine, na imetaja kwa majina: malazi, mavazi, chakula na elimu. Malazi ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Ile 150,000 ilipangwa mwezi wa tano mkiwa mnaishi kwenye nyumba yenu, bila kodi ya pango. Nyumba ikiuzwa, hali imebadilika, na amri ya matunzo si jiwe, mahakama inaweza kuibadilisha hali inapobadilika. Rudi pale pale ilipotoka hukumu, omba amri ya matunzo iangaliwe upya, ukiwa na karatasi inayoonyesha kodi ya nyumba unayotarajia kupanga. Hakimu anaweza kumwambia achangie nusu, au achangie theluthi. Hata theluthi, kwa miezi 12, ni milioni moja ambayo haitoki kwenye fungu lako.

Wakili wa kumlipa ukiwa huna, nenda TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, au WLAC, kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake. Wote wapo Dar es Salaam na kesi za aina hii ndizo kazi yao. Beba hukumu, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na leseni ya makazi hata kama ni nakala.

Na hao mawifi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kupika, kufua, kulea. Kabla ya hapo mahakimu walikuwa wakivutana, wengine wakiona mwanamke asiye na risiti hana kitu. Wewe umepika na umelipia lipu. Yako ni haki uliyopewa na mahakama, na mtu aliyepewa haki yake hajahurumiwa. Nimeliandika hili kwa sababu najua mtu akishaaminishwa kwamba amehurumiwa, anaona aibu kudai tarehe, anaona aibu kudai mnunuzi wa pili, anasaini ili yaishe.

Haya, unahamia wapi?

Morogoro hapana, si mwaka huu. Kaka yako ana moyo mzuri na umshukuru. Lakini wateja wako wa sare wapo Segerea, na fundi huhesabiwa kwa mtaa wake. Nguo ya mtu haikufuati Morogoro. Chanika pia, si kwanza. Kiwanja kilichonunuliwa na mtu asiyelala usiku hununuliwa vibaya, nami nimewaona watatu waliouziwa kipande ambacho kilikuwa na mwenyewe. Ukitulia, baada ya miezi sita au zaidi, tafuta kiwanja kilichopimwa, ukakiulizie mwenyewe kwenye ofisi ya ardhi kwa namba yake ya kitalu na kiwanja, uone jina lililoandikwa linafanana na la anayekuuzia. Utajenga chumba na sebule za uani kwanza, nyumba kubwa itafuata. Mimi ndivyo nilivyofanya, na bado naishi uani, mbele pamesimama msingi. Mama yangu alifia kwenye kile chumba cha uani akiwa juu ya kitanda chake mwenyewe, na hilo lilinitosha.

Kwa sasa panga, na upange Segerea hapo hapo au Kinyerezi, mahali ambapo watoto wanabaki shule zao. Hesabu yako iwe hivi. Kodi ya miezi sita, 1,500,000. Dalali mwezi mmoja, 250,000. Kirikuu cha kuhamisha, safari mbili au tatu, ulizia bei sasa. Kitasa kipya, maana cha zamani kina funguo mikononi mwa usiowajua. Weka pembeni na kodi ya miezi sita mingine, usiiguse. Jumla ukisema milioni tatu na nusu au nne, utakuwa na mwaka mzima wa kutulia na utabaki na zaidi ya milioni 27 ambazo hazijui pa kwenda. Hizo ziweke benki kwenye akaunti ya muda maalumu ya miezi sita. Wa kikoba wakiuliza, waambie ukweli: zimefungwa. Mimi zangu hazikufungwa. Zilikuwa milioni 14 mwezi wa nne, na Krismasi iliponikuta zilikuwa 9, na katika tano zilizoondoka, mbili ziko kwa ndugu zangu hadi leo. Si watu wabaya. Kila mmoja alikuja na shida ya kweli.

Na ukumbuke malipo ya awali. Mnunuzi akitoa malipo ya awali mwezi huu, na sehemu yako ikaingia kwenye akaunti yako, unalipia nyumba ya kupanga ukiwa bado kwenye nyumba yako. Hapo ndipo hofu inapungua kweli. Utahama kwa kubeba, kidogo kidogo, mchana, ukiwa na ufunguo wa unakokwenda tayari mfukoni.

Fremu nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo itakayokulisha. Itafute kabla ya nyumba. Ukipata ya kukodi mtaa uleule, hata ndogo kuliko hii, anza kushonea kule mwezi mmoja kabla ya kuhama, bango la zamani likiwa bado ukutani na namba ya simu na neno moja, "tumehamia hapo mbele". Wateja wa Januari wajue mapema. Ukienda kuangalia vyumba, nenda na futi yako ya kushonea. Pima milango. Kabati langu la Mbagala halikuingia kwenye nyumba yoyote niliyopanga, likakaa nje kwa dada yangu mpaka likavimba.

Mama umwambie wewe, tena wiki hii, kabla mteja hajaja na mtu wa kupima ukuta wa chumba chake. Mwenye presha huumia zaidi kwa kusikia vishindo asivyoelezwa. Usianze na nyumba kuuzwa. Anza na kumwomba aje nawe kuangalia vyumba, na umwonyeshe kile cha karibu na choo, asiwe wa kupanda ngazi usiku. Mwache achague upande wa kitanda. Na yule mdogo wa miaka sita naye mchukue, kwa sababu atakuuliza swali moja tu, atalala na nani, na ni vizuri jibu lake alione kwa macho.

Ukishapata tarehe iliyoandikwa, niandikie. Nataka kuijua.